Mama Albertine na Milango ya Hema

Watu wa Kamina wakimtaja Mama Albertine Likoke, wengine wanakumbuka mikate yake ya asubuhi, wengine sauti yake katika kwaya. Ilikuwa sauti nzito kama ya mwanaume, ikafunika za wenzake wote mpaka mkubwa wa kwaya akamweka nyuma kabisa, karibu na dirisha, ili nusu yake iende inje. Mimi namuona bado katika kiwanja cha kanisa, amepiga magoti juu ya hema la askari lililotandazwa chini, kipande cha ngozi kimefungwa katika kiganja chake, anasukuma sindano ya magunia na kuisemesha bâche, ile nguo nzito ya hema, kama mtu anavyosemesha mbuzi mkaidi.

“Pita, mama, pita. Usinipatishe haya mbele ya hawa bantu ba kanisa.”

Hakuwa mtu wa kwetu, hakuwa Muluba. Alizaliwa mbali, jimbo la Équateur, kando ya mto mkubwa, na Kiswahili chake kilibaki na Lingala ndani mpaka mwisho. Mume wake, sergent Bolingo, ndiye aliyemleta, wakati askari wa pande zote za Zaïre walipokuwa wakiletwa Base, kambi kubwa ya jeshi ya Kamina. Kule Base, Mama Albertine alishona. Si marinda: hema, vifuniko vya malori, mikoba mikubwa ya askari. Bolingo alipofariki ilibidi mjane aache nyumba ya kambi, na watu wote walifikiri atapanda treni kurudi kwao.

“Kwetu wapi?” alituuliza. “Kule hakuna hata mbwa mwenye anajua jina yangu. Mutoto wangu iko huku, na minyi niko huku.”

Mtoto huyo alikuwa mmoja tu, Noémie. Aliolewa na mwalimu Élisa, kijana wa kanisa letu, ambaye alitumwa kufundisha Kilumbe, kijiji cha upande wa barabara ya Mulongo. Njo kwa njia ya ndoa ile Mama Albertine alipoingia kwetu. Siku zile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Katika karatasi aliitwa citoyenne, yaani raia, Likoke, basi. Lakini tukiisha kuvuka mlango wa kanisa alikuwa Albertine, na hakuna aliyekuja kutuuliza.

Wamama wa kanisa hawakumzoea upesi. Sisi tulikuwa watu wa wanga na pasi. Siku ya mkutano blauzi nyeupe ya mama wa kanisa ilipaswa kusimama hata bila mwenyewe ndani, na Mama Kabedi, présidente wetu, alitembeza macho katika mistari kabla ya wimbo wa kwanza. Mama Albertine alikuja na blauzi imekunjamana, akaimba kwa nguvu, akakaa.

“Ule mama wa basoda,” Mama Kabedi alinong’ona siku moja, “anaimba muzuri, lakini nguo yake ni kama ililala mu mufuko.”

Basoda ni askari, na masikio ya kambini hayana usingizi. Mama Albertine akageuka na tabasamu lake kubwa. “Ililala mu mufuko kweli, mama présidente. Na minyi nililala juu yake.”

Tulicheka mpaka mhubiri akakohoa.

Sasa nieleze habari ya jeep. Maternité yetu, nyumba ya kuzalia ya kanisa, ilikuwa na moja, kuukuu, ambayo Dorothée, mkunga wetu, alikwenda nayo vijijini kuchukua wanawake waliolemewa na uchungu. Ilikuwa na paa la chuma na injini yenye moyo, lakini milango haikuwa nayo tena. Milango yake ya chuma ilikuwa mizito, na nguzo za jeep zilikuwa zimeliwa na kutu; kila shimo la barabara lilivuta bawaba kidogo, mpaka mlango wa kushoto ukaanguka njiani, wa kulia ukaufuata, na ule wa nyuma Ézéchias, shofere, akautoa mwenyewe kabla haujaua mtu. Wakati wa kiangazi si neno. Unakula vumbi, unafika. Masika ni jambo lingine.

Masika ya mwaka uliotangulia, Noémie alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza kule Kilumbe. Dorothée na Ézéchias wakaenda kumchukua. Wakati wa kurudi mvua iliwakuta, ile ya upepo, inayopiga ubavuni, na mtoto akazaliwa njiani, ndani ya jeep iliyo wazi pande tatu. Dorothée alimfunga katika kila kitu alichokuwa nacho, hata kitambaa chake cha kichwa. Lakini kila kitu kilikuwa kimelowa. Baridi ilimchukua mtoto kabla hawajafika mjini.

Tangu siku ile watu wa Kilumbe waliikataa jeep. Walisema afadhali mwanamke azalie juu ya mkeka wake kuliko kuogeshwa njiani. Na sasa, kiangazi hiki ninachosimulia, Noémie alikuwa na mimba tena. Hesabu za Dorothée zilionyesha kwamba angezaa mvua zikiisha kuanza. Tulitaka jeep imlete mjini mapema, akae karibu na maternité. Lakini jeep gani?

Pasteur Gamaliel, surintendant wa wilaya, alikuja mkutanoni na habari mbaya. Alikuwa mtu mwema, asiyependa kuzungusha maneno. Alisema jeep isiyo na milango inalala bure masika yote, na wilaya ya jirani wanaiomba, kwa maana wao wana fundi wa kuchomea vyuma. Mvua zikianza, jeep itaondoka.

Nyuma, karibu na dirisha lake, Mama Albertine akasimama.

“Pasteur, pardon. Ni milango tu njo inakosa?”

“Ni milango tu, mama.”

“Basi tutaishonea.”

Watu wakacheka. Ézéchias akajigeuza mzima juu ya benchi. “Mama Albertine, jeep si bibi arusi. Utaishonea nini, rinda?”

“Hema, Tata Ézéchias. Basoda balilala mu nyumba yangu ya nguo, mvula inapiga kama mawe, na hakuna hata mumoja aliamuka na mayi mu sikio. Mulango ni nini? Ni hema kidogo yenye kufunguka.”

“Na upepo?”

“Upepo ikikuya, tutaisalimia.”

Pasteur Gamaliel hakucheka. Yeye ndiye aliyemzika mjukuu wa mama huyu, sanduku dogo alilibeba mikononi mwake mwenyewe. “Fanyeni,” alisema. “Mvua zikianza nitakuja kuitazama. Kama inaweza kubeba mwanamke na mtoto wakiwa wakavu, inabaki Kamina. Kama hapana, mtanipa ufunguo bila machozi.”

Hema lilikuwa lake Mama Albertine. Kikosi cha Bolingo kililitupa, limechoka upande mmoja, na adjudant akamwachia mjane alichukue, kwa kuwa ndiye aliyelishona mara nyingi kuliko mtu mwingine. Kwa mifupa ya milango, Ézéchias alitaka mabomba manene. Mama Albertine akakataa kabisa.

“Nguzo ya jeep iko inaoza, weye mwenyewe unajua. Ukiipa muzigo itaanguka tena. Minyi nataka mulango yenye mama anainua na mukono moya, kama kitunga.”

Dorothée akakumbuka vitanda vya zamani vilivyorundikwa nyuma ya maternité, vyenye mabomba membamba ya kutundikia chandarua. Ézéchias aliyapima kwa macho, akatikisa kichwa, kisha akaanza. Alijaza mchanga mkavu ndani ya bomba, akaziba huku na huku kwa kijiti, akalilaza katika makaa mpaka likawa jekundu, akalikunja polepole kufuata umbo la jeep. Bila mchanga, bomba linabonyea kama bua la mahindi. Likiwa na mchanga tumboni, linatii.

“Umeona?” alimwambia Mama Albertine, jasho linamtoka. “Na shiye Baluba tunajua kidogo.”

“Minyi nilisema hamujue? Nilisema munasema mingi.”

Kwa kukata bâche, mama alitengeneza kwanza sura ya kila mlango kwa karatasi ya mifuko ya simenti, akaibandika juu ya jeep, akaikata, akaibandika tena. Jeep ilionekana kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Vioo ndivyo vilivyotushinda. Kioo cha kweli ni kizito, na plastiki ya sokoni inapasuka kwa jua. Ni Dorothée tena aliyeleta jibu: picha za zamani za mifupa, zile karatasi nyeusi ngumu ambazo wagonjwa waliziacha bila kurudi. Alizilowesha katika maji ya javel, yale ya kung’arisha nguo nyeupe, akazisugua kwa kitambaa, na weusi wote ukatoka, ukaacha kitu kama kioo chenye bluu kidogo. Moja tu haikutakata. Katika pembe kulibaki kivuli cha kidole cha mtu.

Ézéchias alikataa kukaa mbele yake. “Huyu ni nani? Nikiwa naendesha, anikalie hapa kunionyesha kidole?”

“Ni police ya barabara,” Mama Albertine akajibu bila kuinua kichwa. “Anakuambia: pole pole.”

Dorothée akasugua tena mpaka kidole kikaenda zake.

Wakati ule wote, mtu ye yote aliyetoka Kilumbe na baiskeli aliulizwa habari za Noémie kabla hajashusha mzigo. Anaendelea. Miguu imevimba. Anasalimia mama yake. Mama Albertine alisikiliza, akarudi kwenye sindano.

Ikafika siku ya kuvalisha mabomba. Mama Albertine alianza kushona mlango wa kwanza, bâche ikiwa imelegea kidogo juu ya mfupa wake. Mama Kabedi, aliyekuja kutazama na wamama wengine, akazunguka jeep, mikono nyuma.

“Mama Albertine. Hii inakunjamana.”

“Ni vile hema inapenda, mama présidente.”

“Hema, ndiyo. Lakini hii ni jeep ya kanisa. Itapita mu cité yote, bantu bataona mulango yenye makunyanzi kama tumbo ya muzee, batasema wamama ba kanisa hawajue hata kunyoosha nguo. Vuta kidogo.”

Mama Albertine alishika kitambaa, akakiachilia, akakishika. Alikuwa amekaa kwetu muda mrefu akiwa mama wa basoda, na sasa wamama wote walikuwa wamemzunguka, wanangoja, na kwa mara ya kwanza wanasema “jeep yetu”, “milango yetu”. Akavuta. Wamama wakashika pembe, wakavuta naye, na yeye akashona kwa mshono wa kukunja mara mbili, uzi uliopitishwa katika nta ya nyuki. Milango mitatu ilipokwisha, hakuna kunyanzi hata moja. Mama Kabedi alipitisha kiganja juu yake kama mtu anayekagua pasi. Ézéchias akapiga mlango kwa vidole, ukalia kama ngoma, na watoto wa njiani wakaanza kucheza.

Mvua ilikuwa bado. Mawingu yalipanda kila mchana, yakaondoka. Basi Mama Albertine akasema tusingoje ya Mungu, tufanye ya kwetu kwanza. Wamama tukajipanga kutoka pompe ya maji mpaka jeep, beseni mkono kwa mkono, tukaimba ili mikono isichoke, na wale warefu wakamwaga juu na ubavuni. Dorothée alikaa ndani, upande wa nyuma, katika nguo yake nyeupe ya kazi, kusudi atuambie.

“Dorothée! Unalowa?”

“Minyi niko mukavu!” sauti yake ikatoka. “Mumwage!”

Tukamwaga. Watu wakajaa kando ya kiwanja. Tulikuwa tumefika ubeti wa tatu wakati niliposikia mlio, kama mtu anakunja kidole mpaka kinalia. Bomba la mlango wa nyuma lilikuwa linajipinda. Mbele ya macho yetu likajikunja kama upinde, pini ikachomoka katika bawaba, na mlango ukafunguka juu kama mdomo. Beseni iliyokuwa hewani haikuweza kurudi. Yote ikaingia.

Dorothée akapiga kelele. Mtu mmoja kando ya kiwanja akaita: “Wamama! Sasa munabatiza hata bamuganga?” Vicheko vikazunguka kiwanja kizima. Milango ya mbele nayo ilikuwa imeanza kupinda.

Mama Albertine alikwenda, akaweka kiganja juu ya bâche iliyolowa, akaibonyeza. Haikuingia hata kidogo. Ilikuwa ngumu kama ubao.

“Nzambe na ngai,” akamwita Mungu kwa Lingala. “Minyi mushonaji wa hema.”

Alikaa chini, pale penye matope. Halafu akatueleza. Nguo ya hema ikinywa maji inajikaza, inavuta kwa nguvu za ng’ombe. Kule Base, wingu likitokea tu, kabla ya kuanua nguo, kabla ya kuita watoto, mke wa askari anakimbia kulegeza kamba za hema, kwa sababu usipolegeza, linang’oa vigingi. “Hata mutoto wa kambi anajua. Na minyi nilishona nguo mu chuma, nikavuta, nikaikosesha hata nafwasi ya kupumua.”

Ézéchias alisema polepole kwamba labda mabomba manene... kisha akaangalia nguzo za kutu, akayaacha mabomba yake.

Jioni ile hatukufurahi. Mawingu yalikuwa yamerundikana upande wa mashariki, na mtu wa Kilumbe aliyepita alisema Noémie hatembei tena kwenda shambani.

Asubuhi nilipofika kiwanjani nilimkuta Mama Albertine akifumua mshono wake. Mshono wa kukunja mara mbili, uliopakwa nta, haufumuki kirahisi, ulimla vidole. Baada ya muda mfupi Mama Kabedi akaja. Hakuwa na blauzi nyeupe, alivaa kikwembe cha shamba. Akatoa wembe ndani ya kitambaa, akaketi chini, akavuta mlango wa pili juu ya mapaja yake.

“Présidente, utachafuka,” Mama Albertine alimwambia.

“Nyamaza, mama. Minyi njo nilisema vuta. Uniambie tu: nakata huku ao huku?”

Wengine tukafuata. Kufikia saa sita milango yote ilikuwa uchi.

“Hema inaponeshwa na kamba,” Mama Albertine alisema. “Na mulango tuipe kamba.” Akakata bâche upya, ndogo kuliko mfupa wake, akaizungushia pete za shaba alizotoa katika pembe za lile hema. Akalowesha nguo, akaianika, akailowesha tena, mpaka ikachoka kujikaza. Akaipaka nta iliyoyeyushwa na petrole kidogo ya taa. Kisha, badala ya kuishona kwenye bomba, akaifunga kwa kamba inayopita pete kwa pete kuzunguka bomba, na mwisho wa kamba ukaingia ndani ya jeep, wenye fundo moja tu la kuvuta. Juu ya kamba alishona ukingo mpana wa kufunika, ili mvua isipate mahali pa kupenya. Mvua ikija, unavuta fundo, unalegeza kiasi cha vidole viwili. Jua likirudi, unakaza.

Ézéchias alipitisha kamba mwenyewe upande wake. “Kumbe mulango inavaa kiatu.”

“Njo vile. Na weye ni wa kuifunga, usianguke.”

Na makunyanzi? Yalikuwako. Mama Kabedi aliyaangalia, akaguna, akasema: “Basi. Tumbo ya muzee imeshiba.”

Tulikuwa bado hatujamaliza kufunga mlango wa nyuma wakati mwalimu Élisa alipoingia kiwanjani na baiskeli, anahema, suruali nyekundu kwa udongo. Uchungu wa Noémie ulikuwa umeanza asubuhi, kabla ya wakati wake. Mama yake Élisa alikuwa naye. Na nyuma ya Élisa, upande ule aliotoka, mbingu ilikuwa nyeusi.

Hakuna aliyeuliza kama milango iko tayari. Ézéchias aliwasha. Dorothée akapanda na kikapu chake, Élisa mbele, Mama Albertine nyuma na kamba mdomoni, akiendelea kufunga pete za mwisho jeep ikiwa inatembea. Sisi tulibaki, tukaingia kanisani kusali. Na tulipokuwa tunasali, lori la Pasteur Gamaliel likafika. Yeye naye alikuwa ameona mawingu, akaja kutazama kama alivyoahidi. Tukamwambia jeep iko Kilumbe. Alivua kofia, akapiga magoti nasi.

Ya kule Kilumbe nilipewa na Dorothée, na Ézéchias akaongeza chumvi yake. Mama ya Élisa alisimama mlangoni pa nyumba, mikono imeshika huku na huku.

“Hapana. Mu ile jeep ya mvula, hapana. Munapenda kuua hata na huyu?”

“Bokilo,” Mama Albertine alimwambia, maana njo vile walivyoitana, mama wa mume na mama wa mke, “ni mutoto wangu njo iko anaumwa ndani. Jeep iko na milango.”

“Milango ya nguo!”

“Lete ndoo ya mayi. Minyi nitaingia, nitafunga. Weye utanimwagia. Nikilowa hata ukucha, mutoto anabaki.”

Akaingia, akafunga, akalegeza kamba. Mama yule akachukua ndoo, na Ézéchias anasema hajaona maji yakitupwa vile tangu azaliwe; yalikuwa na mahari ndani yake, na arusi, na kaburi la mtoto, na kila neno ambalo watu wa ukwe hawaambiani. Maji yakapiga mlango, yakateremka.

Sauti ya Mama Albertine ikatoka ndani: “Bokilo, njo nguvu yako yote? Ongeza!”

Akaongeza. Ndoo ya pili, na ya tatu. Halafu alikwenda kufungua mwenyewe, akaingiza mkono, akampapasa mwenzake kichwani, mabegani, mpaka miguuni. Wote wawili wakaanza kucheka, kisha wakalia kidogo.

“Apande,” mama ya Élisa akasema. “Na minyi napanda naye.”

Mvua iliwakuta karibu na daraja la magogo. Ilikuja ya ubavu, na upepo wake, kama ile ya mwaka uliopita. Ézéchias hakuona barabara ila alama mbili za magurudumu katika matope. Milango ikaanza kujikaza, mabomba yakalia.

“Legeza!” Mama Albertine akaita, na akatambaa kutoka mlango hadi mlango, akivuta mafundo kwa vidole vyake vilivyokatwakatwa na uzi. Élisa alilegeza wa mbele. Bâche ikatulia, ikapumua na upepo, inaingia, inatoka, kama shavu la mtu anayelala. Na palepale, jeep ikiwa imesimama kungoja maji yapungue juu ya magogo, Noémie akashika shingo za mama zake wawili, na Dorothée akasema “sukuma, mwanangu”, na mtoto akatoka. Mwanaume. Alilia mara moja, akapumzika, akalia tena kwa hasira. Dorothée alifungua kikapu. Vitambaa vyake vyote vilikuwa vikavu, vimenyooka kwa pasi ya Mama Kabedi, aliyekuwa amevikunja kwa mkono wake.

“Vidye wami,” mama ya Élisa alikuwa anamwita Mungu kwa Kiluba. “Vidye wami, iko na moto kama mukate.”

Sisi tulikuwa chini ya veranda ya maternité jeep ilipoingia. Mvua ilikuwa inamwagika, hatukusikiana. Tuliiona ikikata matope, imefungwa pande zote, makunyanzi yake yote yanatoa maji. Hakuna kichwa kilichotoka, hakuna mkono. Mama Kabedi alikuwa amenishika kikwembe, anakikamua kama vile kimelowa.

Pasteur Gamaliel hakungoja. Alishuka katika mvua bila kofia, akaenda nyuma ya jeep, akahangaika na mkanda wa kufungia mlango mpaka ukafunguka, akafungua mlango kiasi cha kuingiza kichwa na mkono mmoja. Alikaa vile. Njo hapo tuliposikia sauti ndogo, kali, yenye hasira, ikishinda mvua.

Alitoa mkono. Alikuwa amepapasa sakafu ya jeep, akauinua tuuone kabla mvua haijauosha: vidole vyake vilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi, kavu, kama la barabara ya mwezi wa nane.

“Inabaki!” akapaza sauti. “Wamama, jeep inabaki Kamina!”

Vigelegele tulivyopiga, nafikiri hata Base walivisikia. Mama Kabedi alirukia matopeni na viatu vyake vya mkutano. Ézéchias alipiga honi bila kuacha, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Na Pasteur alikuwa bado amesimama pale, mlango wazi mkononi, anacheka, uso juu, maji yanamwingia mdomoni, wakati ile sauti ya nyuma ya kwaya ilipotoka ndani ya jeep:

“Pasteur! Pardon! Funga mulango, mutoto anaingiliwa na baridi!”

Naye, surintendant wa wilaya nzima, aliyelowa mpaka soksi, akafunga mlango.